Don Carlo ya Verdi ikitolewa upya: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Jumba la opera likitangaza Don Carlo mpya, wengi huuliza kwanza nani anaimba. Swali linalotangulia hilo ni jingine: limechaguliwa toleo lipi? Hapo ndipo panapoamuliwa idadi ya matendo, lugha, saa ya kufungua pazia, ukubwa wa kikosi cha waimbaji, na hata kama hadhira itaelewa kwa nini mrithi wa kiti anampenda mama yake wa kambo. Majibu yafuatayo ni kwa atakayekaa kwenye viti na kwa anayetaka kujua kazi inavyofanyika nyuma ya pazia.

Hadithi yenyewe ni ipi?

Ni mwaka 1559. Uhispania na Ufaransa zimechoshwa na vita. Elisabetta, binti wa mfalme wa Ufaransa, ameposwa na Carlo, mwana wa mfalme wa Uhispania. Wawili hao wanakutana katika msitu wa Fontainebleau na kupendana. Muda si muda inaletwa habari kwamba posa imegeuzwa: ataolewa na baba mtu, Mfalme Filippo wa Pili. Watu wenye njaa wanamsihi akubali ili vita vikome, naye anakubali.

Baada ya hapo kila jambo la nyumbani linakuwa jambo la dola. Rodrigo wa Posa, rafiki wa Carlo, anamhimiza ayaache mapenzi akaitetee Flanders, nchi iliyo chini ya Uhispania, inayokandamizwa na majeshi ya baba yake. Eboli, bibi wa barazani kwa malkia, anampenda Carlo, na anapokataliwa anamchongea malkia kwa mfalme. Juu yao wote yupo Mhukumu Mkuu wa Wazushi, mzee kipofu wa miaka 90, ambaye hata mfalme hawezi kumkatalia.

Ni Don Carlo au Don Carlos?

Don Carlos ni kwa Kifaransa, Don Carlo ni kwa Kiitaliano. Mtunzi, Giuseppe Verdi, ni Mwitaliano, lakini opera aliiandika kwa Kifaransa kwa ajili ya Opera ya Paris, kwa maneno ya Joseph Méry na Camille du Locle, waliofuata tamthilia ya 1787 ya mwandishi Mjerumani Schiller. Ilifunguliwa tarehe 11 Machi 1867. Tafsiri ya Kiitaliano ya Achille de Lauzières iliimbwa London na Bologna mwaka huohuo. Hata Verdi alipoifanyia marekebisho makubwa miaka ya 1880, alitunga kwa maneno ya Kifaransa, kisha yakafasiriwa.

Hili lina uzito jukwaani. Kifaransa hubeba mstari wa sauti kwa ulaini, Kiitaliano hugonga silabi kwa nguvu zaidi. Mwimbaji aliyezoea lugha moja hawezi kuhamia nyingine kwa wiki mbili. Pumzi zinaangukia mahali tofauti.

Yapo matoleo mangapi, na yanatofautiana vipi?

Manne ndiyo yanayotajwa sana. La Paris, 1867, lina matendo matano na baleti. La Naples, 1872, lina mabadiliko machache. La La Scala (jumba la opera la Milan), lililofunguliwa tarehe 10 Januari 1884, lina matendo manne: tendo la Fontainebleau limeondolewa lote na sehemu kubwa ya muziki mwingine imeandikwa upya. La Modena, Desemba 1886, limelirudisha tendo la Fontainebleau mbele ya marekebisho ya 1884, bila baleti.

Majumba mengi huchanganya, na hapo ndipo makosa huzaliwa. Mfano ulio wazi ni mazungumzo ya Rodrigo na mfalme mwishoni mwa onyesho la bustani. Verdi aliyaandika mwaka 1867, akayagusa 1872, akayafanya mapya kabisa 1884. Besi aliyejifunza ya 1884 akikabidhiwa ya 1867 atakuta wimbo asioujua. Kwa hiyo mkataba wa mwimbaji utaje mwaka wa toleo na kila kipande kilichoongezwa au kukatwa, tendo kwa tendo. Chapisho lililohaririwa na Ursula Günther kwa kampuni ya Ricordi limeyaweka matoleo pamoja, jambo linalorahisisha kulinganisha. Verdi alifariki 1901, na muziki wake wenyewe hauna tena hakimiliki katika nchi nyingi, lakini machapisho ya kitaalamu ya namna hiyo huwa na masharti yake, na nota za wanamuziki hukodiwa.

Ni kweli treni ndiyo iliyokatisha muziki?

Ndiyo. Katika mazoezi ya Paris ilidhihirika kwamba opera ni ndefu mno. Pazia halikuweza kufunguliwa kabla ya saa moja jioni, kwa kuwa watu walikuwa mezani. Na halikuweza kufungwa baada ya saa sita na nusu usiku, kwa kuwa treni za mwisho za vitongojini ziliondoka saa sita na dakika 35. Verdi akakata vipande, kimojawapo kikiwa kile cha mwanzo kabisa, ambapo wakata kuni na wake zao wanalia njaa na baridi.

Kurasa hizo zilibaki katika maktaba ya Opera ya Paris karibu karne nzima, mpaka wataalamu wa muziki Andrew Porter na David Rosen walipozifufua mwishoni mwa miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970. Kipande cha wakata kuni si pambo. Bila njaa hiyo, neno "ndiyo" la Elisabetta linaonekana unyonge wa msichana aliyetii. Pamoja nayo, linakuwa uamuzi wa kisiasa. Anayetoa matendo matano na ana nafasi ya dakika chache, akirudishe.

Kilichokatwa pia ni maombolezo ya mfalme na Carlo juu ya maiti ya Rodrigo. Verdi hakuutupa wimbo huo. Aliutumia katika Lacrymosa, sehemu ya Misa yake ya Wafu ya 1874. Ukiisikia gerezani katika utoaji mpya, usidhani kiongozi wa okestra ameiazima kutoka kwenye Misa. Ilianzia hapa.

Lipi ni bora, matendo manne au matano?

Tunapendelea matano. Katika matendo manne Carlo anaingia tayari amevunjika moyo, analia kwa jambo ambalo hatukuliona, na mtazamaji mgeni humwona kijana mdhaifu asiyejiweza. Fontainebleau humpa robo saa ya furaha, na furaha hiyo ndiyo inayokumbukwa na okestra katika tendo la mwisho Elisabetta anapoimba peke yake.

Manne nayo yana nguvu zake: yanaanzia kaburini pa Karl wa Tano, babu yake Carlo, na kuishia hapohapo, hayana msitu wa kujengwa, na hupunguza takriban nusu saa. La Scala ilichagua manne ilipofungua msimu tarehe 7 Desemba 2023, Lluís Pasqual akiongoza igizo na Riccardo Chailly akiongoza muziki. Metropolitan ya New York ilifuata njia ya pili Februari 2022, ilipotoa kwa mara yake ya kwanza matendo matano kwa Kifaransa, kwa uongozaji wa David McVicar.

Baleti je?

Inaitwa La Pérégrina na ina urefu wa takriban dakika 15. Wengi huiacha bila hasara kubwa. Hasara iko kwenye kipande kinachoitangulia, ambamo malkia, aliyechoka, anamvisha Eboli kinyago na joho lake. Kikikatwa, Carlo anaonekana kichekesho anapomwimbia Eboli mapenzi gizani akidhani ni malkia. Ukikikosa kipande hicho, fanya mambo matatu: Eboli avae shela nzito ile tuliyoiona kwa malkia katika tendo lililopita, mwanga uje kutoka nyuma yake tu, na Carlo aanze kuimba kabla hajamkaribia. Huko Vienna mwaka 2004, Peter Konwitschny aliihifadhi baleti yote kwa kuigeuza ndoto ya Eboli kuhusu maisha ya ndoa na Carlo.

Je, mambo haya yalitokea kweli?

Sehemu. Mkataba wa Cateau-Cambrésis ulitiwa saini Aprili 1559, na kwa ajili yake Elisabeth wa Valois akaolewa na Filippo. Yeye na Carlo walizaliwa mwaka mmoja, 1545. Carlo alifungwa na baba yake Januari 1568 akafa Julai. Elisabeth akafa Oktoba mwaka uleule. Mapenzi baina yao hayana ushahidi, na Rodrigo wa Posa hakuwahi kuwapo duniani. Ni kiumbe cha Schiller.

Mfalme wa kweli alikuwa na miaka 32 tu alipomwoa Elisabeth. Mfalme wa opera analalamika juu ya mvi zake. Fuata opera. Ukimfanya kijana, wimbo wake mkuu unapoteza sababu.

Kwa nini ni vigumu kupata waimbaji?

Kwa sababu inahitaji sita wa daraja la kwanza usiku mmoja: soprano, mezo-soprano, tenori, baritoni na besi wawili. Baada yao kuna mtawa, ambaye naye ni besi, mtumishi kijana wa malkia Tebaldo, Lerma (mtu wa barazani), mpiga mbiu, sauti ya mbinguni, na wajumbe sita wa Flanders, besi wote.

Eboli ndiye anayewaangusha wengi wakati wa kuchagua. Wimbo wake wa shela unataka koo jepesi linalokimbia. "O don fatale" inataka chuma, na inapanda hadi Do bapa ya juu. Msikilize kwa nyimbo zote mbili siku moja, ule mzito ukitangulia. Anayeimba mmoja tu vizuri hajaipata nafasi hiyo.

Elisabetta ana tatizo la saa. Wimbo wake mgumu kuliko yote, "Tu che le vanità", unakuja mwanzoni mwa tendo la mwisho, baada ya takriban saa tatu za opera. Wakati wa onyesho la gereza yeye yuko nje karibu muda wote. Huo ndio wakati wa kunywa maji, kukaa na kupasha sauti tena taratibu. Mwongozaji asimpangie kubadili maleba mara mbili katika nafasi hiyo. Kati ya usiku mmoja na mwingine waachwe siku mbili au tatu.

Onyesho la mfalme na Mhukumu Mkuu linafanywaje?

Hili ndilo kiini cha opera, na ndilo linaloharibiwa na uongozaji wenye mbwembwe. Linaanza na selo (ala ya nyuzi ya sauti nzito) peke yake, mfalme akiwa ofisini alfajiri, mishumaa ikiisha. "Ella giammai m'amò": hakunipenda kamwe. Wimbo ukiisha, anaingia kipofu akiongozwa na watawa wawili, na okestra inashuka chini kabisa: selo, besi za nyuzi, besoni, tromboni.

Besi wawili wanaongea siasa bila mwanamke, bila kwaya, bila wimbo wa kupendeza masikio. Mfalme anauliza: nikimuua mwanangu, utanisamehe? Mzee anajibu kwamba Mungu alimtoa wake ili kutuokoa. Kisha anadai kichwa cha Rodrigo. Mfalme anakataa, anatishiwa, na mwisho anaomba amani. Akibaki peke yake anaimba kwamba kiti cha enzi lazima kiiname mbele ya madhabahu, kwa mstari unaoteremka oktava mbili, Fa hadi Fa.

Sauti mbili zisifanane. Mfalme awe na sauti ya mviringo, yenye joto. Mhukumu awe na sauti kavu, ya kukata. Zikifanana, msikilizaji anapoteza nani anamtawala nani. Mzee atembee polepole mno, na muziki una nafasi ya hatua hizo. Pima umbali wa kutoka mlangoni hadi kitini kwa mapigo ya okestra mapema, kwa kuwa kosa la kawaida ni mlango kuwekwa mbali hata mwimbaji akaanza kuimba akiwa bado pembeni. Pia kipofu hawezi kumtazama kiongozi wa okestra. Wekeni skrini ndogo upande ule anaoelekezwa uso, la sivyo ataibia macho na udanganyifu utaonekana.

Moto wa wazushi unafanywaje bila kuunguza jumba?

Onyesho la uwanja wa Valladolid, ambapo wazushi wanachomwa hadharani, linataka kwaya kubwa (majumba makubwa huweka waimbaji 80 hadi 100), watawa, wahukumiwa, wajumbe sita na kikundi cha tarumbeta jukwaani. Moto halisi huhitaji kibali na askari wa zimamoto pembeni, kwa hiyo wengi hutumia hariri nyepesi inayopeperushwa na feni chini ya taa za rangi ya kaharabu, pamoja na mvuke wa maji.

Yanayoharibika ni haya. Ukungu wa barafu kavu ni mzito kuliko hewa. Huteremka kwenye shimo la okestra na kuwakosesha wanamuziki hewa safi. Moshi wa glikoli hukausha makoo, na baada ya onyesho hili Filippo anaingia moja kwa moja kwenye wimbo wake mkuu. Utumike kidogo, uanze dakika za mwisho, na mapumziko yawekwe mara tu pazia linapofungwa ili hewa ibadilishwe. Vitambaa vyote vya jukwaani vitiwe dawa ya kuzuia moto na vijaribiwe kabla ya mazoezi ya mwisho.

Kosa jingine ni la macho. Katikati ya kelele hizo Carlo anachomoa upanga mbele ya baba yake, hakuna anayethubutu kumnyang'anya, na Rodrigo ndiye anayeuomba. Hapo klarineti inarudia polepole wimbo wa urafiki wao. Mfalme anampandisha Rodrigo cheo papo hapo, kutoka markizi awe duke. Watu mia wakiendelea kusogea jukwaani, tukio hilo linapotea. Wasimame wote, hata bendera.

Sauti za nyuma ya jukwaa zina tatizo gani?

Zipo nyingi: wawindaji na baragumu zao Fontainebleau, watawa katika monasteri ya Yuste, sauti ya mbinguni juu ya moto. Sauti husafiri takriban mita 340 kwa sekunde. Kwaya ikiwa mita 34 nyuma, inafika ikiwa imechelewa sehemu ya kumi ya sekunde, na sikio linalitambua hilo. Kiongozi msaidizi hutazama mapigo kwenye skrini na kuwaimbisha mbele kidogo ya kile anachokisikia. Waimbaji wakifuata masikio yao watachelewa mara mbili. Soprano wa mbinguni awekwe juu, kwenye ngazi za taa au ghorofa ya mwisho ya ukumbi, asiwekwe pembeni usawa wa wengine.

Vifaa gani vidogo huleta balaa?

Viwili. Kisanduku cha vito cha malkia kinapaswa kufunguka kwa mkono mmoja, na picha ya Carlo iliyomo ionekane bila kutafutwa. Bawaba ngumu imekwisha kuua onyesho zima la wivu. Cha pili ni bunduki inayomuua Rodrigo gerezani. Mlio hutoka nyuma ya jukwaa, na inatakiwa bunduki ya pili iwe tayari ya kwanza ikigoma. Akishapigwa, baritoni bado ana "O Carlo, ascolta" ya kuimba, kwa hiyo aanguke pale ambapo kifua kitaegemea ngazi au mapaja ya Carlo. Akilala chali hana pumzi.

Je, ni halali kuihamishia nyakati zetu?

Ni halali, mradi swali la nani anamwinamia nani libaki wazi. Ukibadilisha suti na majoho, tafuta pia cheo ambacho mfalme anakiogopa kweli. Bila hicho Mhukumu Mkuu anabaki mzee mkali tu. Huko Vienna mwaka 2024 Kirill Serebrennikov aliipeleka hadithi ndani ya taasisi ya utafiti wa mavazi ya kihistoria, na sehemu ya hadhira ilipinga kwa sauti ukumbini.

Mwisho unamaanisha nini?

Carlo na Elisabetta wanaagana kaburini pa Karl wa Tano. Mfalme na Mhukumu wanaingia kumkamata, kaburi linafunguka, na mtawa tuliyemwona mwanzoni, akiwa na joho na taji la mfalme mkuu aliyekufa, anamvuta Carlo ndani. Ni mzuka? Ni mtawa aliyevaa? Libreto, yaani maneno ya opera, inaliacha swali wazi. Muziki wa 1867 unafifia kwa sala ya watawa, ule wa 1884 unafunga kwa kishindo. Mwongozaji anayetaka Carlo auawe mbele yetu achukue wa 1884. Anayetaka fumbo, wa 1867. Kuvichanganya humwacha mwimbaji amelala amekufa huku okestra ikieleza jambo jingine.

Itachukua muda gani?

Muziki wa matendo manne ni takriban saa tatu, wa matano bila baleti saa tatu na nusu, wa Paris kamili unakaribia saa nne. Ongeza mapumziko mawili ya dakika 25 hadi 30. Kula kabla ya kuingia.

Sijui Kiitaliano. Nitaelewa?

Utaelewa. Tafsiri huonyeshwa juu ya jukwaa, kwa kawaida mistari miwili kwa wakati, au kwenye skrini ndogo ya kiti. Katika mwimbo wa pamoja wa wanne kwenye ofisi ya mfalme, kila mtu anaimba maneno yake na tafsiri haiwezi kuwafuata wote. Soma hadithi ya onyesho hilo kabla hujafika.

Nikiwa Afrika Mashariki nitaitazamaje?

Usiku wa ufunguzi wa La Scala, tarehe 7 Desemba, sikukuu ya Mtakatifu Ambrosi, hurushwa na televisheni ya taifa ya Italia. Milan ikiwa saa kumi na mbili jioni, Nairobi na Dar es Salaam ni saa mbili usiku. Kwa opera ya urefu huu, jiandae kupita saa sita. La Scala ina pia huduma yake ya kutazama mtandaoni kwa malipo, na Metropolitan hurekodi maonyesho yake ya sinema, Don Carlos ya 2022 ikiwamo. Intaneti ikiwa dhaifu, punguza ubora wa picha, usiguse wa sauti. Na tumia vipokea sauti vya masikioni, maana spika ndogo za simu hazitoi besi, na opera hii imejengwa juu ya besi.

Nianze kusikiliza nini kabla ya kwenda?

Kwa mpangilio huu: kiapo cha Carlo na Rodrigo, "Dio, che nell'alma infondere", ili uutambue wimbo huo ukirudi, kisha "Ella giammai m'amò" pamoja na ujio wa Mhukumu bila kukatisha, takriban dakika 20, kisha "O don fatale". "Tu che le vanità" iache uisikie kwa mara ya kwanza ukumbini.